Mwongozo kamili: Kukagua maonyo ya uchambuzi tuli kuhusu makosa ya pointa katika draiva za mtandao

Onyo la uchambuzi tuli (zana zinazosoma msimbo bila kuuendesha) kuhusu pointa halithibitishi kwamba mstari fulani umekosewa. Linachosema ni kwamba sehemu mbili za msimbo hazikubaliani: mstari wa 412 unaitumia pointa bila kuitilia shaka, kisha mstari wa 418 unauliza kama pointa hiyohiyo ni NULL. Zana imeuona mgongano, lakini mara nyingi haiwezi kujua ni upande upi ulio sahihi, kwa kuwa jibu limo kwa waitaji wa funksheni, au katika makubaliano kati ya draiva na mfumo mkuu wa mtandao. Kazi ya mkaguzi ni kuamua upande ulio sahihi kabla ya kugusa msimbo. Mwongozo huu unahusu draiva za mtandao za keneli ya Linux, na unamchukulia msomaji kuwa anasoma lugha ya C bila shida na ameshawahi kujenga keneli.

Kuandaa zana

Sparse, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2003, hutazama aina za pointa. Itakuonya, kwa mfano, pale ambapo rejista za kifaa zenye alama ya `__iomem` zinasomwa kana kwamba ni kumbukumbu ya kawaida. Smatch, iliyoandikwa na Dan Carpenter juu ya msingi wa Sparse, hufuatilia thamani zinavyopita ndani ya funksheni na kutoka funksheni moja hadi nyingine, na kwake ndiko hutoka maonyo mengi ya NULL na ya kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Coccinelle, iliyotengenezwa katika taasisi ya Inria nchini Ufaransa, hutafuta ruwaza za msimbo. Kompaila ya GCC nayo ina uchambuzi wake tangu toleo la 10, ingawa kwa msimbo wa keneli mimi huanza na Smatch.

Hata kama onyo umeletewa na mtu mwingine, endesha zana wewe mwenyewe juu ya tawi la sasa, kwa sababu ripoti ya zamani hutaja mistari iliyokwisha kuhama, na wakati mwingine kosa lenyewe limesharekebishwa. Anza na `make allmodconfig` ili draiva nyingi iwezekanavyo ziingie katika ujenzi, kisha:

```
make C=2 CHECK="smatch -p=kernel" drivers/net/ethernet/
make coccicheck MODE=report M=drivers/net/ethernet
```

`C=1` hukagua faili zinazojengwa upya tu, na `C=2` hukagua zote. Smatch pia ina skripti ya `build_kernel_data.sh` inayojenga hifadhidata ya uhusiano kati ya funksheni. Huchukua muda mrefu, lakini bila hiyo zana haijui waitaji wanapitisha nini, na uamuzi wake unabaki finyu.

Ligeuze onyo kuwa dai

Kabla ya kufungua kihariri, andika kwa sentensi moja kile ambacho onyo linadai. Kwa onyo kama hili:

```
mfano_rx() warn: variable dereferenced before check 'skb' (see line 412)
```

dai ni kwamba mstari wa 412 unasoma kupitia `skb`, yaani pointa ya muundo unaobeba pakiti, na kwamba baadaye mtu aliona `skb` inaweza kuwa NULL. Sasa fungua mistari yote miwili na usome kila kilichopo katikati. Huenda pointa ilipewa thamani mpya kwenye tawi ambalo zana haikulifuata, au matumizi ya kwanza yamo ndani ya makro. Fuatilia makro hadi mwisho wake. `container_of` na makro za orodha ndizo zinazoficha mambo mengi zaidi.

Tazama vilevile kama yale yanayoitwa matumizi ni matumizi kweli. Usemi `&priv->napi` hausomi chochote kwenye kumbukumbu; unajumlisha tu anwani na umbali wa uga. `netdev_priv(dev)` nayo hukokotoa tu anwani ya eneo la data binafsi ya draiva (`priv`), linalofuata muundo wa `net_device` unaowakilisha kifaa cha mtandao. Mstari wa namna hiyo hauangushi keneli hapohapo hata `dev` ikiwa NULL, ingawa matokeo yake ni pointa mbovu ambayo si NULL, na kwa hiyo sharti lolote la NULL juu ya matokeo hayo halilindi kitu.

Sharti linalokuja baada ya matumizi

Hili ndilo onyo la kawaida kuliko yote, na ndilo linalorekebishwa vibaya zaidi. Mwelekeo wa kwanza wa mtu ni kulihamisha sharti juu ya matumizi ili zana inyamaze. Katika draiva za mtandao, mara nyingi kilichozidi ni sharti lenyewe. Mfumo mkuu hauiiti `ndo_start_xmit` (ya kutuma pakiti) na `skb` iliyo NULL, wala `ndo_open` (ya kuwasha kiolesura) na `dev` iliyo NULL. Funksheni ya `remove`, inayokiondoa kifaa, haiitwi mpaka `probe`, inayokiandaa, ifanikiwe, hivyo kilichowekwa na `platform_set_drvdata` ndani ya `probe` kipo. Kishughulikia katizo hupewa kilekile kilichopitishwa kwenye `request_irq`. Masharti ya NULL katika sehemu hizo huwa yamenakiliwa kutoka draiva nyingine, na mtu anayeyasoma baadaye hudanganyika akidhani kuna hali ambayo haipo.

Ili kuamua, orodhesha waitaji wote kwa `git grep` na ufuate kila mmoja hadi mahali pointa ilipozaliwa. Kama funksheni huitwa kupitia jedwali la viashirio vya funksheni, kama `net_device_ops` au `ethtool_ops`, soma mahali ambapo mfumo mkuu unaitumia nafasi hiyo ya jedwali. Halafu tafuta sharti liliingiaje: `git log -S'if (!skb)' -- faili` itakuonyesha mabadiliko yaliyoliongeza au kuliondoa. Ukikuta kwamba mtu aliliongeza baada ya keneli kuanguka kweli, na maelezo ya badiliko yana kumbukumbu ya anguko hilo, basi NULL inawezekana na matumizi ya mapema ndiyo yenye kosa. Ukikuta kwamba sharti lilikuwepo tangu draiva ilipoingizwa mara ya kwanza na hakuna mwitaji anayeweza kupitisha NULL, liondoe.

Yapo matukio yanayoonyesha kwa nini onyo hili halipaswi kupuuzwa hata pale linapoonekana la kimaandishi tu. Katika Linux 2.6.30, draiva ya `tun`, ambayo hutengeneza violesura vya mtandao vya programu, ilikuwa na funksheni ya `tun_chr_poll` yenye mistari hii:

```
struct tun_struct *tun = __tun_get(tfile);
struct sock *sk = tun->sk;
unsigned int mask = 0;

if (!tun)
        return POLLERR;
```

Hapa NULL iliwezekana, kwa maana `__tun_get` huirudisha pale ambapo faili haijaunganishwa na kiolesura. Kompaila nayo, ilipoona kwamba `tun` imeshasomwa, ilikuwa na haki kwa kanuni za C kuamua kwamba haiwezi kuwa NULL, ikalifuta sharti kabisa kutoka kwenye msimbo wa mashine. Mshambuliaji aliyeweza kuweka kumbukumbu yake kwenye anwani sifuri alipata njia ya kuitawala keneli. Udhaifu huo ulipewa namba CVE-2009-1897, na tangu mwaka huo keneli hujengwa kwa chaguo la `-fno-delete-null-pointer-checks` ili kompaila isiyafute masharti ya aina hiyo. Mkaguzi aliyezoea kusema kwamba sharti lipo chini yake na kwa hiyo hakuna hatari, auweke mfano huo akilini.

NULL au pointa ya kosa

Keneli ina njia mbili za kusema kwamba funksheni iliyopaswa kurudisha pointa imeshindwa. Baadhi hurudisha NULL. Nyingine huificha namba ya kosa ndani ya pointa yenyewe kwa `ERR_PTR`, zikitumia anwani 4095 za mwisho kabisa, ambazo haziwezi kuwa za kitu halali. Sharti la aina moja haliikamati aina nyingine, na hapo ndipo makosa mengi ya `probe` yanapozaliwa.

Jambo la kufanya ni moja tu: soma funksheni inayoitwa, usiamini jina lake. Katika maktaba ya PHY (chipu inayounganisha kadi na waya) zipo funksheni mbili zinazofanana kwa jina na kwa kazi. `phy_connect` hurudisha pointa ya kosa ikishindwa. `of_phy_connect` hurudisha NULL. Msanidi anayehamisha draiva kutoka ya kwanza kwenda ya pili na kuacha `if (IS_ERR(phydev))` kama lilivyokuwa, ameacha draiva inayoendelea na kazi ikiwa na `phydev` tupu, na keneli itaanguka mara PHY itakapotumika. Kinyume chake nacho hutokea kwa saa za kifaa (mapigo yanayoendesha chipu):

```
priv->clk = devm_clk_get(&pdev->dev, NULL);
if (!priv->clk)
        return -ENODEV;
```

Kushindwa kwa `devm_clk_get` huja kama pointa ya kosa, kwa hiyo sharti hili linapitwa. Tena, mojawapo ya makosa ya kawaida hapa ni `-EPROBE_DEFER`, ambalo humaanisha kwamba saa itapatikana baadaye na `probe` ijaribiwe tena. Marekebisho yanayoandika `IS_ERR` lakini yakaendelea kurudisha `-ENODEV` yatalinyamazisha onyo na kuiacha draiva ikikataa kuanza kwenye bodi ambazo saa huchelewa kusajiliwa. Rudisha `PTR_ERR(priv->clk)`.

Jihadhari na `IS_ERR_OR_NULL`, kwani huvutia kama dawa ya yote. Ukiandika

```
if (IS_ERR_OR_NULL(p))
        return PTR_ERR(p);
```

na `p` ikawa NULL, funksheni itarudisha sifuri, yaani mafanikio, na mwitaji ataendelea na kifaa ambacho hakijaandaliwa. Onyo la Smatch la `passing zero to 'PTR_ERR'` linahusu jambo hili hasa. Lakini si kila onyo la namna hiyo ni kosa, kwa sababu zipo funksheni ambazo NULL kwao ni jibu halali: `devm_clk_get_optional` hurudisha NULL pale saa isipokuwepo, na kuipitisha NULL hiyo kwenye `clk_prepare_enable` hakudhuru. Katika hali hiyo `IS_ERR` peke yake ndilo sharti sahihi, na kuongeza sharti la NULL kutaivunja draiva kwenye vifaa visivyo na saa hiyo.

Pakiti iliyokwisha kukabidhiwa

Makosa ya kutumia kumbukumbu iliyoachiliwa ndiyo mazito zaidi katika draiva za mtandao, kwa kuwa hutokea kwenye njia ya kawaida ya pakiti, si kwenye njia ya kosa pekee, na kwa kawaida hayaonekani mpaka mzigo uwe mkubwa. Kanuni yake ni ya umiliki. Draiva ikishamkabidhi mwingine `skb`, haimiliki tena hata baiti moja ya muundo huo. Mfano wa upande wa upokeaji:

```
skb->protocol = eth_type_trans(skb, ndev);
napi_gro_receive(&priv->napi, skb);
ndev->stats.rx_bytes += skb->len;
```

Smatch inaweza kulalamika kwamba `skb` imesomwa baada ya kuachiliwa, na dai hilo ni la kweli: `napi_gro_receive` huichukua pakiti, na inaporudi huenda pakiti imeunganishwa na nyingine, imepelekwa juu, au imetupwa. Tiba ni kusoma urefu mapema. Hapa nasisitiza jambo ambalo viraka vingi hulipita haraka, nalo ni mahali pa kuusoma. `eth_type_trans` huondoa kichwa cha Ethernet, baiti 14, mbele ya data. Ukisoma `skb->len` kabla yake, kila pakiti itahesabiwa kwa baiti 14 zaidi kuliko zamani. Ukisoma kati ya mistari hiyo miwili, hesabu itabaki ilivyokuwa. Maelezo ya takwimu katika keneli yanasema vifaa vya Ethernet vihesabu urefu wa fremu bila alama ya mwisho ya ukaguzi, yaani kichwa kimo ndani, hivyo hesabu ya zamani nayo ina upungufu. Hata hivyo, hilo ni badiliko jingine, lenye maelezo yake na kiraka chake. Kiraka cha usalama wa kumbukumbu kisibadilishe takwimu kimyakimya.

Upande wa utumaji una ugumu ambao zana huuona kwa nadra. Ndani ya `ndo_start_xmit`, draiva huandika kielezi (maelezo ya pakiti) kwenye pete (foleni ya mviringo inayosomwa na kadi), kisha huiarifu kadi kwa kuandika kwenye rejista. Tangu dakika hiyo kadi inaweza kumaliza kutuma, katizo likatokea kwenye prosesa nyingine, na njia ya ukamilishaji ikaiachilia `skb` wakati funksheni yako bado haijarudi. Kwa hiyo kila kinachohitajika kutoka kwenye `skb`, ukiwemo urefu unaopelekwa kwa `netdev_tx_sent_queue`, kisomwe kabla ya kadi kuarifiwa. Ukikagua onyo lolote katika funksheni ya utumaji, soma na mistari iliyo chini ya hatua hiyo hata kama onyo halikuitaja. Angalia pia thamani inayorudishwa: ukirudisha `NETDEV_TX_OK`, pakiti ni jukumu lako na lazima uwe umeituma au umeiachilia, ukirudisha `NETDEV_TX_BUSY`, mfumo mkuu utaijaribu tena, na kama uliiachilia, utakuwa umemrudishia pakiti iliyokufa.

Aina ya tatu hujificha nyuma ya funksheni zisizoachilia chochote kwa jina. `pskb_may_pull` na `skb_cow_head` zinaweza kuhamishia data ya pakiti kwenye bafa mpya. Pointa ya kichwa cha IP iliyochukuliwa kabla ya mwito huo huwa inaelekeza kwenye bafa ya zamani. Baada ya kila mwito wa aina hii, pointa zote za vichwa zichukuliwe upya.

Kuondoa kifaa

Eneo la binafsi linalopatikana kwa `netdev_priv` liko ndani ya kumbukumbu ileile ya `net_device`. `free_netdev(ndev)` ikishaitwa, `priv` nayo imekwenda. Msimbo unaoita `free_netdev` kisha `clk_disable_unprepare(priv->clk)` una kosa la wazi, na suluhisho ni kuisogeza `free_netdev` hadi mwisho. Kabla hujaridhika, tafuta kila kitu kinachoweza kuamka baadaye na kuigusa `priv`: vipima muda, kazi zilizopangwa kwa `schedule_work`, katizo, na NAPI (utaratibu wa kupokea pakiti kwa mafungu). `cancel_work_sync` husubiri kazi imalizike, lakini kama katizo bado liko hai linaweza kuipanga kazi hiyo upya, kwa hiyo chanzo kizimwe kwanza. Zana hazikuambii mpangilio huu; unauona kwa kusoma `probe` na `remove` ubavu kwa ubavu, pamoja na lebo za `goto` katika njia ya kosa, ukihakikisha kwamba kila kilichochukuliwa kinaachiliwa kwa mpangilio wa kinyume na kwamba kila lebo haigusi kilichokuwa hakijachukuliwa bado.

Kuhusu orodha, mambo ni mafupi. Kigeu cha `list_for_each_entry` hakiwi NULL kitanzi kinapokwisha bila kukatwa. Huelekeza kwenye anwani isiyo ya kipengee chochote. Sharti la `if (!pos)` baada ya kitanzi halina maana, na `list_first_entry` juu ya orodha tupu nayo hairudishi NULL. Tumia `list_first_entry_or_null`, au kigeu cha pili kinachowekwa pale tu kipengee kinapopatikana.

Kuthibitisha

Njia za kosa hazipitiwi katika matumizi ya kawaida, kwa hiyo zilazimishe. Jenga keneli yenye `CONFIG_KASAN`, ambayo hutambua matumizi ya kumbukumbu iliyoachiliwa papo hapo na kuonyesha ilichukuliwa wapi na iliachiliwa wapi. Ongeza `CONFIG_FAULT_INJECTION`, `CONFIG_FAILSLAB` na `CONFIG_FAULT_INJECTION_DEBUG_FS`, ili uweze kuamuru maombi ya kumbukumbu yashindwe kwa makusudi kupitia saraka ya `failslab` iliyo katika debugfs. Kisha fungua na kufunga draiva mara nyingi kwa faili za `bind` na `unbind` zilizo chini ya `/sys/bus`, huku trafiki ikipita. Kama huna kifaa chenyewe, sema hivyo waziwazi katika kiraka: kwamba kosa limegunduliwa kwa uchambuzi tuli na kwamba marekebisho yamejengwa tu, hayajajaribiwa kwenye kifaa. Wasimamizi wanahitaji kujua hilo ili waamue nani akijaribu.

Kuandika kiraka

Maelezo ya kiraka yaeleze hali halisi inayolifikisha jambo kwenye kosa: mwitaji yupi, kwa masharti gani, na nini hutokea. Sentensi inayosema tu kwamba Smatch imetoa onyo haitoshi, ingawa ni vyema kuinukuu ripoti yenyewe. Kosa halisi liende kwenye mti wa `net` (wa marekebisho), kichwa kikianza na `[PATCH net]`, likiwa na mstari wa `Fixes:` wenye angalau herufi 12 za kwanza za kitambulisho cha badiliko lililoleta kosa. Kuondoa sharti lisilohitajika si kurekebisha kosa. Kama ni la kutumwa, liende `net-next` (mti wa kazi mpya) bila `Fixes:`, maana mstari huo huwafanya watunzaji wa matoleo ya muda mrefu walichukue badiliko wasilolihitaji. Nao wasimamizi wa mtandao hawapendelei viraka vya usafi mtupu visivyo sehemu ya kazi nyingine, kwa hiyo sharti la ziada katika draiva ya zamani mara nyingi ni bora liachwe hadi mtu atakapokuwa na kazi katika funksheni hiyo.

Ukihitimisha kwamba onyo halina kosa, usiongeze sharti la uongo wala kuanzisha kigeu kwa NULL ili zana inyamaze. Kuanzisha kwa NULL huizuia kompaila isikuonye siku ambayo tawi jipya litasahau kukipa kigeu thamani. Andika sababu ya uamuzi wako katika jibu kwa aliyeleta ripoti, ukitaja mstari unaothibitisha kwamba hali hiyo haiwezekani. Wakati mwingine watunzaji wa zana hutumia maelezo hayo kuirekebisha.

Mwisho, pitisha kiraka kwenye `scripts/checkpatch.pl --strict`, pata majina ya wapokeaji kwa `scripts/get_maintainer.pl`, na ukiombwa mabadiliko, subiri walau saa 24 kabla ya kutuma toleo jipya ili wakaguzi wengine nao wapate nafasi ya kulisoma la kwanza.